Oili ya drai sampu haipimwi injini ikiwa imezimwa na imepoa

Hii ya kwamba oili lazima upime injini ikiwa imezimwa na imepoa imekaa vichwani miaka na miaka, na kwa gari nyingi iko sawa tu, unasubiri ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ndo unachomoa dipstiki. Ila kwenye drai sampu unajidanganya.

Kule oili inakaa kwenye tenki lake pembeni. Pampu moja inainyonya chini ya injini na kuirudisha tenkini, nyingine inaisukuma kutoka tenkini kwenda kwenye beringi, kwa hiyo hata ukipiga kona kali ndefu hii ya kusukuma haivuti hewa. Sasa gari ikilala siku kadhaa, oili ya tenki inapenya taratibu kwenye pampu na kushuka kwenye injini, ukija kuchomoa dipstiki inatoka kavu.

Hapo ndo mtu anaongeza lita 2 za bure. Chukua Porsche 911 za zamani zinazopozwa kwa hewa, zile mnazoziona kwenye mbio za East African Safari Classic: zinapimwa injini ya moto, iko silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta), gari imesimama tambarare. Ukizidisha, oili inapanda bomba la kupumulia hadi kwenye ekilina (chujio la hewa), na moshi wa bluu utauona.

Ukifunga mfumo mwenyewe, tenki liwe refu, jembamba, na pampu ya kunyonya izidi ya kusukuma kwa uwezo maana inavuta oili na hewa kwa pamoja.