Athi si panadol: kelele ya mashine inaingiaje kwenye fishi fainda

Jana tena. Nahodha mmoja ananipigia kutoka Kilifi, fishi fainda yake, kile kifaa cha kutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti, skrini ina chenga tupu kila akiwasha mashine, "na fundi, athi nimeshatia, nimetoa waya kwenye fishi fainda mpaka kwenye bloku ya mashine, nikatoa na nyingine mpaka kwenye reli, sasa ndio imezidi." Imezidi, ee, ingekosaje kuzidi. Mimi kazi yangu ni waya za boti, Mtwapa mpaka Watamu, na hii habari ya "tia athi itatulia" naisikia kwa manahodha, naisikia kwa mafundi wa magari wanaoitwa kwenye boti, naisikia hata kwa wauzaji wa vifaa vyenyewe, kwa hiyo leo naandika mara moja na atakayenipigia tena nitamrushia linki.

Boti ya fiba haina athi. Tuanzie hapo. Nyumbani athi ni chuma kimezikwa ardhini. Kwenye boti ya fiba yenye mashine ya nje hicho unachokiita athi ni hasi ya betri tu, ile waya nyeusi, na kwenye ile waya nyeusi kila kitu kinarudi humo humo: stata, pampu ya ngama (ya kutoa maji chini ya boti), taa, redio, na chaji inayotoka kwenye mashine. Ukishika hasi ya fishi fainda ukaifunga kwenye bloku ya mashine hujaipeleka mahali pasafi, umeipeleka palepale kelele inapozaliwa, halafu unaniuliza mbona inapiga kelele.

Fanya hesabu kidogo. Tuseme kiungo cha hasi kimeliwa na chumvi, ile kutu ya kijani unayoikuta ukichuna gamba la waya, na upinzani wake umefika omu 0.05, kiasi ambacho mita ya bei rahisi hata haikuonyeshi sawasawa. Pampu ikivuta ampia 4 kupitia hapo unapata volti 0.2, zinapanda na kushuka kila burashi za mota zikigusa. Sasa weka hiyo volti 0.2 upande mmoja, na upande wa pili weka mwangwi wa samaki aliye mita 80 chini, ambao ukirudi kwenye transdusa, kile kidude cha majini kinachotuma na kupokea sauti, unapimwa kwa maikrovolti, yaani volti moja uigawe mara milioni. Kifaa kina chujio lake ndani, hakinywi uchafu wote moja kwa moja, lakini umeona ukubwa wa kitu na udogo wa kitu.

Na ukiwa na njia mbili za hasi ni balaa zaidi. Stata ya mashine kubwa inavuta ampia mia na kitu, na umeme haujali wewe ulikusudia upite wapi, unagawana njia kwa kadiri ya upinzani. Hasi kubwa ya betri ikilegea kidogo, sehemu kubwa inakimbilia kwenye kiwaya chako chembamba ulichokiita athi. Nimeshaona waya ya namna hiyo imeyeyuka gamba kutoka dashibodi mpaka tezini, kule nyuma, mwenye boti anasema fishi fainda "ilivuta moto". Haikuvuta chochote maskini, ilipitishiwa stata tumboni.

Najua kuna atakayesema mbona kitabu cha kifaa changu kinasema kifungwe athi. Kweli, vifaa vikubwa vina skrubu ya athi nyuma na kwenye meli ya chuma ina kazi yake muhimu. Ukiwa nacho fuata kitabu. Lakini waya hiyo iende mahali pamoja, pana, pafupi, haiendi kutafuta bati lolote lililo karibu. Ile skrini ndogo ya inchi nne au tano yenye waya mbili tu za umeme, nyekundu na nyeusi, haikuombi athi ya tatu, usiitungie mahitaji ambayo haina.

Basi kelele inaingia wapi? Milango mikubwa ni mitatu: kwenye waya za umeme, kwenye kebo ya transdusa, au ndani ya maji yenyewe. Kila dawa ina mlango wake na ndio maana watu wananunua vitu vitano na hakuna kinachofanya kazi, kwa sababu hawajajua ni mlango gani.

Tafuta betri ndogo ya volti 12, ile ya 7Ah ya alam na UPS, kila duka la vifaa vya stima ipo. Nenda kwenye maji yenye kina cha mita 20 hivi au zaidi, zima kila kitu, fungua nyekundu na nyeusi zote mbili za fishi fainda kutoka kwenye boti (zote mbili, nasema zote mbili, usiache nyeusi mahali pake) kisha ziunge kwenye hiyo betri ndogo peke yake. Washa mashine, iache bila gia, pandisha moto (mizunguko ya mashine) taratibu huku unaangalia skrini. Ikiwa safi, kelele yako ilikuwa inapitia kwenye umeme, kwisha, tumepata. Ikiwa chenga zipo vilevile, chomoa transdusa. Chenga zikibaki zinaingia kwenye kifaa kupitia hewani, zikiondoka basi mlango ni kebo ya transdusa au maji. Vifaa vingine vipya ukichomoa transdusa vinakataa kuonyesha sona, yaani picha ya mwangwi, kabisa, hapo inabidi uitoe transdusa pale nyuma uifunge kwenye mti, uishushe ubavuni karibu na omo, kule mbele, na kebo uipitishe juu juu mbali na waya za mashine, uone kama chenga zinaondoka. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini ni dakika kumi na inakuokolea pesa.

Wavuvi wengine wamemaliza shida hapo hapo, wameiacha ile betri ndogo iwe ya fishi fainda moja kwa moja. Skrini ndogo inakula chini ya ampia moja, inakutosha safari. Sioni aibu kumwambia mteja afanye hivyo hata kama mimi sipati kazi.

Ukitaka kuifanya kwenye betri kubwa, basi toa waya mbili mpya, 2.5 mm, nyekundu na nyeusi zote mpaka kwenye vichwa vya betri, si kwenye paneli ya swichi, si kwenye ile hasi ya pamoja chini ya dashibodi ambapo kila fundi aliyepita ameongeza ya kwake. Fyuzi iwe karibu na betri, saizi iliyoandikwa kwenye kitabu. Na uzisokote hizo mbili njia nzima. Nikiri hapa: kusokota naamini, kinadharia kuko sawa kabisa, lakini kwa kuwa huwa nabadilisha njia ya waya na kusafisha vichwa vya betri kwa wakati mmoja, mara nyingi siwezi kuapa ni kipi kilichotibu. Nasokota tu.

Kebo ya transdusa ipite ubavu mwingine na waya za mashine, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba, zisilale pamoja. Na tafadhali usiikate hiyo kebo. Ndani ina wavu wa waya unaozuia kelele, watu wanaikata ili ipite kwenye tundu dogo, wanaunga waya za kati, wanazungusha solotepu, ule wavu wanaukunja pembeni kama takataka. Kuanzia siku hiyo una antena, si kebo. Toboa tundu kubwa zaidi, fiba inazibika.

Sasa sehemu ninayoipenda, kusoma chenga zenyewe, kwa sababu hazifanani. Cheche za plagi zinaacha vidoti vilivyopangika. Sauti baharini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo skrini yako ikiwa imewekwa mita 100, sauti inakwenda na kurudi mita 200, na kila mstari mmoja wa kwenda juu na chini ni kama sekunde 0.13 za kusikiliza. Chukua mashine ya tu-stroki yenye silinda mbili, kila silinda inapiga kwa zamu yake, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hizo ni cheche 100 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mstari unapata vidoti kama 13, na kati ya kidoti na kidoti ni mita saba na nusu za kina. Ongeza moto mpaka 4,500, vinasogeleana vinakuwa mita tano. Vidoti vinavyokaribiana ukiongeza moto na kuachana ukipunguza, hiyo ni cheche, huhitaji mganga. Ukiona ukungu wa sare usiobadilika hata ukicheza na moto vipi, usiisumbue mashine ya watu, angalia pampu, angalia inveta, angalia zile taa za LED za bei ya chini, angalia chaja ya simu iliyochomekwa kwenye tundu la sigara. Ile chaja! Chomoa kimoja kimoja.

Ikiwa ni cheche anza na plagi. Plagi yenye rezista ndani inapunguza ule mshindo, na kwa NGK unaijua kwa herufi R: BR8HS inayo, B8HS haina. Hiyo 8 ni habari ya joto, usiibadilishe kwa kubahatisha, na kabla ya kununua hakikisha mtengenezaji wa mashine yako anairuhusu yenye R, zipo nyingi zinazokubali zote mbili. Halafu angalia waya za plagi na kofia zake. Ngoja usiku, boti imefungwa, hakuna harufu ya petroli, vua kifuniko cha mashine, zima taa zote, washa, usiguse kitu, angalia tu. Waya iliyopasuka utaona kiuzi cha buluu kinatambaa juu ya mpira kwenda kwenye bloku. Hicho kiuzi ndicho kinachokuchafulia skrini, na mashine ilikuwa inakosa nguvu pia ukalaumu petroli.

Vile vidude vyeusi vya kubana kwenye waya, feraiti, hapo ndipo napandwa na presha. Watu wanaagiza mtandaoni kumi kumi wanavibana kila mahali. Vingi vya hivyo vimetengenezwa kwa masafa ya megahezi makumi, na fishi fainda yako inasikiliza kilohezi 50, 83, 200 hapo. Ukikibana mara moja kwenye waya, kwa kilohezi 200 ni pambo. Ukitaka kikusaidie chukua pete nzima ya feraiti ya masafa ya chini, aina ya 75 kwa mfano, upitishe waya zote mbili pamoja, nyekundu na nyeusi, mara nyingi. Nguvu yake inakua kwa mraba wa mizunguko: ukipitisha mara tano unapata mara ishirini na tano. Kwa redio ya VHF vile vidogo vinasaidia, sikatai. Kwa sona ya kilohezi 200, rudisha pesa yako.

Mlango wa tatu ni maji na huo si umeme kabisa. Kama bila gia skrini ni safi, ukitia gia ukakimbia inachafuka au inapoteza chini, mara nyingi hayo ni mapovu. Isogeze transdusa, iwe si chini ya shibiri mbili kutoka kwa propela, isikae nyuma ya tuta lililojitokeza chini ya boti, bomba au skrubu yoyote inayokata maji mbele yake. Hapa lazima niwe mkweli, kwenye mwendo wa kati mapovu na kelele ya mashine yenye gia vinaweza kufanana mpaka nikahitaji kuzima mashine ghafla boti ikiwa bado inateleza: chenga zikikatika papo hapo ni umeme, zikipungua pole pole na mwendo ni mapovu. Na hata hivyo kuna boti zina vyote viwili.

Ukiwa umekusanyika na boti nyingine juu ya mwamba mmoja, North Kenya Banks au Pemba Channel siku za mashindano, na unaona vimistari vinakatiza hata mashine ikiwa imezimwa, hiyo ni sona ya mwenzako ya masafa kama yako. Badilisha masafa, au hapo ndipo ile sehemu ya kuzuia mwingiliano kwenye menyu ina maana. Kwa kelele ya mashine usiitegemee, wala usipunguze geini (ukali wa kusikia wa kifaa) mpaka skrini ing'ae, utakuwa umefuta chenga pamoja na samaki wako kolekole.

Na kama fishi fainda inajizima na kujiwasha ukipiga stata, hiyo si kelele hata kidogo, ni volti zimeporomoka. Weka mita kwenye vichwa vya betri, mtu apige stata, usome. Ikishuka chini ya 10 ama betri imezeeka ama haina chaji. Ikibaki juu ya 10 kwenye betri lakini pale waya za umeme zinapoingia kwenye fishi fainda inashuka, shida iko njiani, kwenye kiungo fulani chenye kutu ya kijani, na hicho kiungo ukikipata kikate chote, usikipake grisi juu.