Tafadhali Msiniambie Tena Ati "Alikuwa Mdogo, Hakumbuki"

Wiki hii peke yake ni mara ya tatu. Bwana na bibi yake wamekaa kwa makochi yangu hapa Nakuru, mahali nafanyia kazi ya ushauri nasaha kwa wapenzi, nimeuliza swali la kawaida tu kuhusu nyumba ile bibi alilelewa, na kabla afungue mdomo bwana ameshamjibia. "Madam, hio tuiache, alikuwa na miaka minne, angekumbuka nini?" Bibi naye akasema ni ukweli, hakumbuki kitu. Nikaandika kwa daftari nikanyamaza, juu kikao si mahali pa kubishana. Hapa naweza kubisha. (Watu nitakaowataja nimewabadilisha na kuwachanganya, usijaribu kutafuta ni nani.)

Kwanza nikubali kitu kimoja: ni kweli hakumbuki. Wengi wetu kumbukumbu ya kwanza kabisa ni ya karibu miaka mitatu au minne, nyuma ya hapo ni giza. Lakini kukumbuka kisa na kujifunza ni mambo mawili tofauti. Wewe unakumbuka siku ulijifunza kutembea? Unakumbuka nani alikufunza lugha ya kwenu? Hukumbuki, na bado unatembea, na ukigonga kidole usiku unalia kwa lugha ya nyanya yako hata kama umeishi mjini miaka ishirini. Sehemu ya ubongo inayoshika hofu huanza kazi mapema sana, ile inayopanga matukio na siku na mahali inakomaa polepole, kwa hivyo mtoto anaweza kuweka hofu bila kuweka kisa. Sasa mbona tukifika kwa utoto wa mtu tunasema kama hana kisa basi hana kitu?

Kitu mtoto anaweka ni kanuni. Nikilia kuna mtu anakuja. Au, nikilia anakuja na mwiko. Mama akienda soko si lazima arudi. Baba akila bila kuongea, kaa karibu na mlango. Na hizi kanuni hazikuwa ujinga, kwa ile nyumba zilikuwa sawa kabisa, zilimlinda. Kuna dada niliketi naye miezi mingi ambaye utotoni alikuwa anajua hali ya babake kwa vile anafunga geti tu. Geti ikigongwa, yeye na wadogo wake walikuwa wameshaingia chini ya kitanda kabla viatu vifike mlangoni. Huyo mtoto alikuwa hodari! Shida ni kwamba sasa ameolewa na mtu mpole, dereva wa matatu, anarudi usiku amechoka, na geti yao komeo lake limepinda lazima uligonge. Anagonga, moyo wa dada unaruka, na dakika tano baadaye wanagombana juu ya mboga, sukuma wiki. Si sukuma. Lakini yeye mwenyewe anaamini ni sukuma, au ni simu hukupiga, juu moyo ukishapiga hivyo akili inatafuta sababu iliyo karibu, na iliyo karibu ni huyo bwana. Bwana anauliza amefanya nini, na hajafanya kitu.

Hapa kwetu hili jambo lingekuwa rahisi kuelewa kuliko mahali pengine. Mwisho wa Januari 2008 vita vya baada ya uchaguzi viliingia Nakuru, Kaptembwa, Rhonda, watu wakalala showground na watoto mgongoni. Wale watoto saa hii ndo wanaoa na kuolewa. Nakutana nao, na wengi wananiambia vile waliambiwa na wazazi wao, "tulikuwa wadogo, hatukujua kinaendelea nini." Halafu mwaka wa uchaguzi ukikaribia analala vibaya, anamfokea mchumba, anataka vitu vifungwe kwa begi, na hajui kwa nini.

Nikisema hivi kuna mtu lazima aniambie ni mambo ya wazungu. Ndugu yangu, vuka Busia. Mary Ainsworth, mmoja wa walioanzisha elimu yote ya vile mtoto anashikamana na mlezi, alianza kuangalia Uganda, 1954, kwa nyumba za Waganda karibu na Kampala, watoto 28, anaangalia nani analia mama akitoka na nani anatulia akirudi. Utafiti wake wa Baltimore, Marekani, ulikuja baadaye. Kisii nako mtafiti Mmarekani, Robert LeVine, alikaa miaka ya 1950 na akarudi miaka ya 1970, akaona akina mama wa huko hawakai wakimtazama mtoto machoni na kumwongelesha kama akina mama wa Boston, lakini mtoto akilia anashikwa haraka. Kwa hivyo mtu asiniambie kulelewa na nyanya ni kiwewe, au kulelewa na mikono mingi ni kiwewe. Mtoto anahitaji angalau mkono mmoja ambao haumchanganyi. Wengi wa Nyanza walizika wazazi miaka ya tisini wakiwa hawajaanza shule, wakabaki na dani (nyanya) mmoja mkali lakini yuko kila siku, na wako sawa, wanapenda watu na wanapendeka. Wengine hawako sawa. Sijui kila wakati tofauti ilitoka wapi, na anayekuambia anajua kila wakati mwogope kidogo.

Sasa upande wa pili, ambao unanikera karibu sawa na wa kwanza. Mtu ameskia kwa simu kwamba kila kitu ni troma, anakuja ananiambia, "Nitolee hio kumbukumbu, najua imefichwa." Sitoi. Siwezi, na ningeweza nisingefanya. Mwaka 1995 mtafiti wa kumbukumbu, Elizabeth Loftus, na mwenzake walichapisha jaribio ambapo watu 24 walipewa visa vya utoto wao, kimoja cha uongo, ati walipotea kwa duka kubwa wakiwa wadogo. Karibu robo yao wakaanza kukikumbuka. Fikiria basi mimi, mtu unayeniamini, unalia mbele yangu, nikuulize mara tano kama mjomba alikugusa. Naweza kukupandia kitu ambacho hakikufanyika na nikavunja boma nzima. Kuna watu wameketi na mimi mwaka mzima na mpaka leo sijui ni nini kiliwapata. Tumefanya kazi bila kujua. Kuna uchambuzi wa 2019 ulilinganisha rekodi zilizoandikwa wakati mtoto anateswa na majibu ya watu wakiulizwa baadaye, na zaidi ya nusu ya waliokuwa na rekodi hawakusema lolote wakiwa wakubwa. Na upande huo mwingine pia, zaidi ya nusu ya waliosema waliteswa hawakuwa na rekodi. Hio inaninyima usingizi kuliko kitu kingine kwa hii kazi, juu inamaanisha kusema na kutosema vyote haviwezi kuwa kipimo changu peke yake.

Zile alama za kujipima utoto pia, maswali kumi kuhusu mabaya yaliyokupata ukiwa mtoto, umepata ngapi. Zilitoka kwa utafiti wa Felitti na Anda, Marekani, 1998, watu zaidi ya 17,000 kwa jumla, kazi nzuri sana. Lakini ilipima kundi, haikusema wewe wa alama sita utaachwa na bwanako. Mtu mmoja aliniletea hesabu yake kama barua ya hukumu.

Na kabla sijasahau, hili nalisema kwa uzito: kuna wanawake wanaletwa kwangu "watibiwe utoto" na kumbe wanapigwa leo. Moyo ukiruka kwa mtu ambaye jana alikupiga, hio si kanuni ya zamani, hio ni macho yako yanafanya kazi. Huyo hahitaji nimwonyeshe babake, anahitaji mahali pa kulala salama na 1195, ile namba ya simu ya msaada kwa wanaopigwa. Swali langu la kwanza kwa kila wapenzi, kila mmoja peke yake, ni kama anapigwa, na bado nimewahi kulikosa. Mara mbili. Sijazisahau.

Tiba yenyewe nitapita haraka juu watu wanapenda majina. Ziko njia zilizopimwa, ile ya kubadilisha fikra na tabia iliyolengwa kwa kiwewe, ile ya kusogeza macho ukikumbuka kisa (EMDR), Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizipitisha 2013. Ile ya kwanza imejaribiwa hapa hapa Bungoma na Moshi, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi, ikifanywa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari, na Bungoma ilisaidia kuliko huduma ya kawaida.

Lakini kwa mtu mzima, kinachotokea sana kwa kikao ni kidogo na kinachosha kusimulia. Mwanangu aligonjeka nikaahirisha kikao cha yule dada wa geti. Wiki mbili hakuja, hakushika simu. Aliporudi akaniambia, "Nilijua tu." Tukakaa na hio "nilijua tu" saa nzima, nikamwomba msamaha, na wiki iliyofuata akaja kuona kama nitakuwepo, nikawepo. Nafikiri kikao hicho kilifanya kazi kuliko mazoezi yote niliyompa. Nafikiri, siwezi kuthibitisha. Nyumbani bwanake alirekebisha komeo, na akaanza kuita "ni mimi" akiwa bado nje. Bado moyo unaruka. Kanuni ya zamani haifutiki, inawekewa nyingine kando yake, na akiwa amechoka au amefiwa ile ya kwanza ndo inatangulia. Kwa hivyo mtu akirudi kwangu baada ya miaka miwili akilia ati amerudi nyuma, hajarudi nyuma.

Wale wa wiki hii walipomaliza, bwana alitangulia chini kutafuta gari. Bibi akabaki mlangoni, mkono kwa kitasa. Akaniambia kweli hakumbuki kitu, ila tu hajawahi kuweza kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa, tangu akiwa kwa shangazi yake, na bwanake huamka usiku kuufunga na yeye huamka kuufungua. Akaniuliza kama hio nayo ni kitu cha kuleta kwa kikao.

Nikamwambia alete hio hio. Jumanne, saa nne.