EAC sio ruhusa ya kuvuka mikono mitupu: maneno ya mwaloni na ukweli wake

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ukikaa karibu na wanaopakia dagaa utasikia kila aina ya stori za boda, maana wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi wote wanapita hapo na kila mtu ni mtaalamu wa uhamiaji. Baadhi ni kweli, nyingi ni porojo.

Kubwa kuliko zote ni hii: "sasa hivi wote ni EAC, hamna cha pasipoti," yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapana jamani. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi 1 Julai 2010, inasema raia wa nchi mwanachama anaingia bila viza na anaweza kupewa hadi miezi 6, ila kutodaiwa viza haimaanishi hudaiwi hati. Wanaochanganya watu ni Kenya, Uganda na Rwanda, hao tangu 2014 wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa, sisi Watanzania hatukuingia kwenye hayo makubaliano, kwa hiyo usipande basi la Kampala na kitambulisho cha NIDA tu mfukoni, chukua pasipoti au hati ya dharura ya safari pale uhamiaji kabla hujaondoka. Na hiyo miezi 6 ni ya kutembea, sio ya kazi. Hapo ndo wengi wananaswa, mtu kaingia vizuri kabisa, stempu safi, baada ya wiki mbili yuko saluni anasuka kwa mshahara bila kibali, halafu akikamatwa anasema ameonewa.

Mwingine atakwambia kituo cha pamoja mpakani maana yake ukaguzi umefutwa. Wapi! Pale Mutukula ukienda Uganda unasimama mara moja tu, upande wa Uganda, na humo humo ndani dirisha la Mtanzania linakugongea stempu ya kutoka, unasogea la Mganda anakugongea ya kuingia. Kilichofutwa ni foleni ya pili, ukaguzi uko pale pale (binafsi naona ndo kitu cha maana zaidi EAC imemfanyia msafiri wa kawaida).

"Ziwani hakuna mpaka." Upo, ila hauna bikoni, zile nguzo za mpaka. Tanzania tuna karibu nusu ya Ziwa Victoria, Uganda inafuata, Kenya ina kama asilimia 6 tu, na Migingo, kisiwa kidogo cha mawe kilichojaa nyumba za mabati hadi ukingoni mwa maji, kimewagombanisha Kenya na Uganda miaka na miaka kwa sababu ya sangara. Kuna shirika la uvuvi lililoanzishwa na nchi zetu tatu mwaka 1994, ofisi ziko Jinja, lakini hilo linalinganisha kanuni za uvuvi, halikupi ruhusa ya kutega nyavu kwa jirani.

Halafu kuna wanaoamini jambazi akishavuka boda ndo basi tena. Polisi wetu kweli hawawezi kuvuka kumkamata wenyewe, ila wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, EAPCCO, tangu 1998, taarifa zinapita huko na Interpol, anakamatwa na wenyeji kisha mahakama inaamua kumrudisha.

Na sio kila asiye na karatasi ni mhalifu. Kuna wakimbizi, kuna pia waliosafirishwa kwa kudanganywa, na sheria yetu ya 2008 ya usafirishaji haramu wa binadamu inawaona hao kama wahanga. Kwa hiyo wakala anayekuahidi kazi nje halafu anang'ang'ania kukutunzia pasipoti, mpeleke polisi kabla hajakupeleka yeye anakojua.