Mradi wa Mafuriko Ukishaidhinishwa na Bunge la Marekani, Je, Fedha Zimepatikana?

Wakazi wa miji iliyo kando ya mito nchini Marekani husikia kwamba Bunge limeidhinisha mradi wao wa kuzuia mafuriko, wakaamini kuwa kilichobaki ni kusubiri matingatinga. Katika dhana zote potofu kuhusu miradi hii, hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Katiba ya nchi hiyo inakataza fedha kutoka Hazina isipokuwa kwa sheria ya matumizi, na sheria ya kuidhinisha mradi si sheria ya matumizi. Idhini hukipa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi ruhusa ya kujenga tu, ilhali fedha hutengwa kwa sheria nyingine ya kila mwaka, ambako mradi hushindana na mingine mingi iliyokwisha kuidhinishwa na unaweza kukosa hata dola moja.

Mfano ulio wazi ni mto Napa, jimboni California. Mradi wake uliidhinishwa mwaka 1965, lakini katika miaka ya 1970 wapiga kura wa kaunti hiyo waliukataa. Februari 1986 mto ulifurika vibaya. Ilikuwa Machi 1998 ambapo wapiga kura, kwa wingi wa theluthi mbili uliotakiwa, walikubali kujitoza kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola kwa muda wa miaka 20, baada ya mpango kusanifiwa upya ili uupe mto nafasi ya kutanuka badala ya kuubana kwa kuta. Mkondo wa kuchepushia maji katikati ya mji ulikamilika mwaka 2015, nusu karne baada ya idhini ya kwanza.

Kodi hiyo inaondoa pia imani kwamba serikali kuu hulipa kila kitu. Kwa miradi ya aina hii iliyoidhinishwa tangu mwishoni mwa 1996, upande wa wenyeji huchangia kwa kawaida kati ya asilimia 35 na 50 ya gharama, ikiwemo kutafuta ardhi na kuhamisha mabomba na barabara zinazopisha ujenzi.

Wengine hudhani kwamba mahali penye hatari kubwa zaidi ndipo hutangulizwa. Sheria ya mwaka 1936 iliweka kipimo kingine: faida lazima izidi gharama. Kwa kuwa sehemu kubwa ya faida huhesabiwa kwa thamani ya mali itakayookolewa, mtaa wa nyumba za bei ya chini hujikuta nyuma ya mtaa wa matajiri hata kama maji yanaingia vyumbani kwa kina kilekile. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa la msingi linalostahili kurekebishwa na Bunge lenyewe.

Mwisho, tuta likishajengwa halibaki mikononi mwa jeshi. Mara nyingi hukabidhiwa mamlaka ya eneo husika, ambayo hufyeka miti, huziba mashimo ya wanyama wachimbao na kukarabati milango ya maji kwa fedha zake. Mamlaka ikizembea na tuta likashindwa ukaguzi, inaweza kupoteza haki ya msaada wa serikali kuu wa kulitengeneza baada ya mafuriko kulibomoa.