Mandhari ya nyumba haiwekwi

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya nyumba zinazouzwa, na siandiki neno kabla sijafika kuiona nyumba yenyewe. Juzi nilipokewa getini na mama mmoja mchangamfu sana. "Karibu mwanangu," akaniambia, "hapa huna kazi kubwa. Mandhari nimeshaweka." Akanyoosha mkono kunionyesha vyungu saba vya maua, vimepangwa mstari mmoja chini ya dirisha la sebule.

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Fundi wa bustani huniambia ataleta mandhari Jumamosi. Muuzaji hunitumia ujumbe kwamba nyumba ina vyumba vitatu, kisima na mandhari, kana kwamba mandhari ni kifaa kinachohesabiwa pamoja na tangi la maji. Wengine husema wameongeza mandhari, wakiwa na maana ya taa za rangi walizofunga kwenye ukuta wa uzio. Nimenyamaza vya kutosha.

Mandhari ni jinsi mahali panavyoonekana na mtu aliyesimama sehemu fulani akitazama. Kwa nyumba inayouzwa, ni yote anayoyaona mnunuzi tangu anaposimama barabarani mpaka anaposhika kitasa cha mlango wa mbele. Maana ni hiyo tu. Lakini neno lenyewe lina habari nyingi kuliko maana yake, na hapo ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Tumelipata kutoka Kiarabu, mandhar, na mzizi wake una konsonanti tatu: n, dh na r. Mzizi huo ni wa kutazama. Kwake tumepata pia nadhari, yaani mtazamo, na nadharia, ambayo ni kulitazama jambo kwa akili badala ya macho. Sasa angalia ile ma- ya mwanzo. Wengi huidhani ni ma- ya wingi kama ya maua na mawe, ndiyo maana husema "mandhari haya" na "mandhari mengi", utadhani kuna ndhari moja mahali fulani. Kamusi huliweka neno hili katika ngeli ya I-/ZI-: mandhari hii, mandhari nzuri, mandhari zile. Ma- hiyo imekuja na neno kutoka huko huko, na kazi yake mara nyingi ni kutaja mahali pa kutendea jambo. Mfano tunao mdomoni kila siku. Penye kitabu na katibu kuna maktaba. Penye darasa kuna madrasa. Penye hukumu na hakimu kuna mahakama. Vivyo hivyo, penye nadhari kuna mandhari: mahali jicho linapotua.

Nalipenda sana jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba mtazamaji yumo ndani ya neno. Ukimwondoa mtazamaji, hakuna mandhari. Kuna ukuta, mlango, paa na majani. Mwenye nyumba anamiliki ukuta na paa. Mandhari ni ya yule aliyesimama barabarani, naye huondoka nayo kichwani hata kama hakununua.

Kuna neno jingine la Kiarabu linalofanana na hili kwa sauti, nalo ni nadhifu. Mzizi wake ni mwingine, unaishia na f badala ya r, kwa hiyo hayana udugu wowote. Nalitaja kwa sababu kwenye kuuza nyumba hukutana mlangoni kila siku: nyumba nadhifu isiyopambwa huwa na mandhari nzuri kuliko nyumba chafu iliyojaa mapambo. Hili nimelishuhudia mara nyingi, na sijaona nyumba iliyolikanusha.

Pambo ni kitu. Unaweza kulibeba, kulipachika, kulivunja, kuhama nalo. Ukarabati ni kazi: kuna kilichoharibika na kuna fundi anayekirejesha katika hali yake. Mandhari si kitu wala si kazi. Ni matokeo ya vyote hivyo machoni pa mtu. Ndiyo maana haiwekwi. Inaweza kupendeza, kuchakaa, kuharibika, kuboreshwa, kuzibwa. Mti ukiota mbele ya mlango, mandhari imezibwa. Ukipunguza matawi, mandhari imefunguka, na hapo hujaleta kitu chochote, umeondoa.

Anayeamini kwamba mandhari ni kitu cha kuweka huanza kazi yake kwa kununua, ilhali nyumba nyingi zinazosubiri mnunuzi zinahitaji kupunguziwa: matofali yaliyobaki tangu ujenzi, ndoo zilizopasuka, kamba ya kuanikia nguo inayokatiza mbele ya kibaraza, gari lisilotembea, tabaka tatu za vibandiko getini. Mwenye nyumba havioni tena. Si uzembe wake. Jicho likizoea kitu hulala. Isitoshe, wenyeji wengi huingia kwa mlango wa jikoni au hupitiliza na gari hadi ndani, kwa hiyo yale macho ya mgeni barabarani hawajayatumia tangu wiki waliyohamia.

Nirudi kwa yule mama na vyungu vyake. Nilichuchumaa kuvitazama, maana vilikuwa vizuri kweli, maua yamekolea rangi na udongo umelowa maji ya asubuhi. Nyuma ya chungu cha tatu, rangi ya ukuta ilikuwa imevimba malengelenge makubwa kama sarafu. Nikagusa lengelenge moja kwa ukucha, likabambuka, na ndani yake kukawa na unga mweupe mkavu. Ule unga ni chumvi. Ukuta ukinywa maji, maji huyeyusha chumvi zilizomo kwenye tofali, saruji na udongo; yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha pale, nazo huisukuma rangi kutoka ndani. Unaweza kupaka makoti mawili mapya juu yake leo, na malengelenge yakarudi baada ya muda, kwa sababu maji bado yanaingia.

Nikainua macho kutafuta maji yanatoka wapi. Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa, ilikuwa imeachia kwenye kiungo, juu kabisa ya chungu cha tatu na cha nne, na kuanzia hapo mstari wa kutu ulishuka ukutani mpaka kwenye kona ya dirisha. Halafu udongo wa kitalu ulikuwa umerundikwa ukaegemea ukuta, umepanda juu ya usawa ambao msingi ulijengwa ili kuzuia unyevu usipande. Mvua ikinyesha, gata inamwaga pale. Jua likiwaka, vyungu vinamwagiliwa pale. Yale mapambo yalikuwa yamesimama juu ya ugonjwa, na kila asubuhi yanaunywesha.

Mama hakuwa anaficha kitu, alikuwa hajakiona. Lakini wapo wanaojua, na wanaponiambia wameweka mandhari, maana yao ni kwamba wameziba. Kabati limesogezwa kwenye ufa, mmea unaotambaa umeachwa ufunike lipu iliyoachia, rangi imepakwa jana juu ya ukuta mbichi. Jina la hayo si mandhari. Sheria za nchi nyingi hutofautisha kasoro inayoonekana na kasoro iliyofichwa, na muuzaji aliyeificha kwa makusudi anaweza kudaiwa hata baada ya hati kubadilishwa jina. Sipendi neno zuri litumike kama pazia la jambo hilo.

Kuna methali mbili za wazee ambazo wenye nyumba hunijibu nazo nikianza kuyasema haya. Ya kwanza ni "chema chajiuza, kibaya chajitembeza". Ni kweli, ila kinachojiuza lazima kionekane. Ya pili ndiyo ngumu: "nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani". Naiheshimu methali hii, na namkumbusha kila mnunuzi. Lakini isikilize vizuri inamwambia nani. Inamwambia aliyefika mlangoni afungue. Mnunuzi aliyegeuza gari kwenye kona baada ya kuliona geti limeanguka upande mmoja hakufika kwenye mlango wa kufungua. Siku hizi wengi hawafiki hata kwenye kona, kwa sababu nyumba wameiona kwanza kwenye simu, na picha ya kwanza kwa kawaida hupigwa kutoka pale pale barabarani.

Kama unauza na unataka mandhari ipendeze, mpangilio wa kazi unafuata maana ya neno. Anza kwa kutoka. Simama ng'ambo ya barabara, usiongee na mtu, acha jicho litue lenyewe, halafu uandike lilipotua. Piga na picha, kwa sababu picha haina mazoea. Vile ulivyoandika ndivyo vya kushughulikia, na kwa kawaida vya kuondoa ni vingi kuliko vya kuongeza. Baada ya kuondoa, osha: vioo vya madirisha, kibaraza, geti, utando wa buibui kwenye kona za paa. Kwa ukuta wenye chumvi usikimbilie maji, kwani huiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikwangue kwa brashi ukuta ukiwa mkavu. Kisha tengeneza vinavyoingiza maji, yaani gata, paa na mteremko wa ardhi, ambao unapaswa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Uache ukuta ukauke sawasawa. Ndipo upake rangi. Maua huja mwisho kabisa, nayo huja na heri.

Kuna kitu kimoja kidogo nakitilia mkazo zaidi ya vyote, nacho ni bawaba na kitasa cha mlango wa mbele. Pale mandhari inahama kutoka machoni kwenda mkononi. Mnunuzi husubiri mlango ufunguliwe, na katika zile sekunde chache hana la kufanya isipokuwa kutazama sentimita chache zilizo mbele ya uso wake: skrubu iliyolegea, rangi iliyochirizika juu ya bawaba, alama za mikono kuzunguka kitasa. Mlango ukisugua sakafu ukifunguka, ataisikia hiyo sauti katika kila chumba atakachoingia.

Nikamwambia mama, "Hivi ni vyungu vya maua, na ni vizuri sana. Mandhari tukaitazame kule." Tukavuka barabara pamoja. Akasimama, akajifunga vizuri khanga yake, akatazama kimya kwa muda. Nilidhani ataona maua. Akasema, "Hee! Ile gata iko vile tangu lini?"

Nikamuuliza kama akiuza atahama na vyungu. Akanijibu upesi kwamba vile ni vyake, anahama navyo. Basi nikampa neno kwa taratibu: vyungu ni mapambo, gata ni ukarabati, na hiki tunachokitazama sasa hivi, mimi na wewe, kutoka hapa tuliposimama, ndicho mandhari. Akalirudia mara moja, kisha akaniuliza kama nina namba ya fundi wa gata.

Kwenye rasimu ya tangazo nimeshajaza vyumba, kisima na ukubwa wa kiwanja. Mstari wa mandhari bado uko wazi. Nitaujaza siku nitakayosimama tena ng'ambo ya ile barabara, ukuta ukiwa umekauka.