Picha za kometi na asteroidi: usisome kamera ukadhani unasoma anga

Kometi mpya, yaani donge la barafu na vumbi linalosafiri angani, ikitangazwa tu, picha huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na duara jekundu na swali: "Hiki ni nini?" Nyingi zimepigwa na wapenzi wa anga wenye darubini za nyumbani, watu makini na kazi yao. Shida huanza picha inapofika kwa msomaji asiyejua kwamba mwanga wa dakika kadhaa, pengine wa saa nzima, umelimbikizwa kwenye fremu moja.

Dhana: Kuna chombo cha viumbe wa kigeni kinaifuata kometi.

Hii ina historia ya kuumiza. Novemba 1996, mpiga picha wa ridhaa wa Houston, Marekani, alipiga kometi Hale-Bopp akaona pembeni yake kitu king'aavu chenye kama pete, mithili ya sayari ya Zohali. Programu ya ramani ya nyota kwenye kompyuta yake haikuonyesha nyota mahali pale, naye akapeleka habari kwenye kipindi cha redio cha usiku. Kumbe ni nyota ya kawaida, SAO 141894, iliyoorodheshwa zamani; mipangilio ya programu ndiyo iliyoificha. Ile pete ilitokana na vifaa vyenyewe. Uvumi haukusubiri maelezo hayo. Mwanzoni mwa 1997 ikatolewa picha nyingine ya "ushahidi", na wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakaonyesha kuwa ni picha yao ya 1995 iliyochezewa. Machi mwaka huo, watu 39 wa kundi la kidini la Heaven's Gate huko California walijitoa uhai wakiamini chombo cha kuwachukua kimekuja na kometi hiyo.

Ukiona kitu cha ajabu kando ya kometi, kwanza tafuta ramani ya nyota ya eneo hilo, tena zaidi ya moja. Kisha tazama kama kina miiba minne. Darubini nyingi za kioo huipa nyota ng'avu miiba hiyo, kwa sababu mwanga hupinda kwenye vyuma vinavyoshikilia kioo kidogo. Halafu linganisha na picha ya saa moja baadaye: kometi itakuwa imesogea, nyota itakuwa palepale.

Dhana: Kometi kwenye picha ni ndefu kama bomba, kwa hiyo imetengenezwa.

Tuliisikia sana 2025, wakati 3I/ATLAS, kometi iliyotoka nje ya mfumo wetu wa Jua, ilipopita. Darubini ikifuata nyota, kometi husogea huku kamera ikikusanya mwanga, na mng'ao wake huvutika. Ikifuata kometi, nyota ndizo huwa michirizi. Basi anza na nyota: zikiwa nukta safi huku chombo chako cha kigeni kikiwa mstari, umeona mwendo, hujaona umbo. Na zile taa nyekundu, kijani na bluu zinazoandamana kama msafara? Ni nyota moja iliyopigwa mara tatu kwa vichujio vitatu vya rangi, kila mara kometi ikiwa imeshahama kidogo.

Dhana: Mkia unaonyesha kometi inakotoka.

Mkia huelekea upande ulio kinyume na Jua, hivyo kometi ikishalizunguka huondoka mkia ukiwa mbele. Wa gesi hunyooka na kuwa wa bluu, ukisukumwa na upepo wa Jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua. Wa vumbi hupinda na kuwa wa manjano. Oktoba 2024, kometi Tsuchinshan-ATLAS ilionekana na mkia mwembamba ulioelekea Jua. Hakuna kilichogeuka: Dunia ilikuwa ikivuka bapa la njia ya kometi, tukaliona kwa ubavu vumbi lililosambaa humo.

Dhana: Mng'ao wote ule ni mwamba.

Oktoba 2007 kometi Holmes, yenye kiini, yaani donge gumu la katikati, cha kilomita 3 na kitu, ililipuka kwa vumbi na gesi hadi wingu lake likawa pana kuliko Jua. Kiini chenyewe hakuna darubini ya nyumbani inayokiona. Zile "pembe" za kometi 12P/Pons-Brooks mwaka 2023 zilikuwa umbo la wingu la namna hiyo lenye pengo.

Dhana: Picha za ridhaa hazina maana, ngoja za NASA.

Hapa nawatetea wapenzi wa anga. 2I/Borisov, kometi ya kwanza kujulikana kuwa imetoka kwenye nyota nyingine, iligunduliwa Agosti 2019 na Gennadiy Borisov akiwa Crimea, kwa darubini aliyojitengenezea. Na asteroidi, jiwe la angani ambalo kwenye picha ya nyumbani ni nukta tu, hupimwa hivyo hivyo: nukta ikififia na kung'aa kwa mpangilio, unajua jiwe linazunguka kwa saa ngapi na kama limerefuka.

Tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya Dunia bila kutugonga, na Afrika ni miongoni mwa sehemu itakakoonekana kwa macho matupu. Picha nyingi zitaonyesha mstari mweupe. Kabla ya kuuliza una kilomita ngapi, muulize aliyepiga: shata, kile kifuniko cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, ilikaa wazi sekunde ngapi?