Samaki wa Mwaloni (soko letu la samaki hapa Mwanza, Ziwa Victoria) na bakteria sugu, maswali mnayoniuliza kila siku

Bakteria sugu ndo nini?
Ni wale ambao ukiwapiga antibayotiki (dawa za kuua bakteria) hawashtuki. Wengi mnachanganya hapa, mnasema "mwili wangu umezoea dawa", hapana, aliyezoea ni mdudu sio mwili. Na sio kutishana, mwaka 2019 peke yake inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria hawa.

Sasa samaki kapataje bakteria sugu, kaitoa wapi dawa wakati yuko ziwani?
Sio lazima ameze dawa. Simama darajani Mto Mirongo siku ya mvua uone kinachoshuka ziwani, vyoo, mavi ya ng'ombe, kila kitu, na humo kuna bakteria walishakutana na antibayotiki kama tetra na amoksilini kwenye matumbo yetu sisi wenyewe, wakifika majini wanaweza hata kuwagawia wenzao huo usugu. Samaki wa vizimba wakipewa dawa ovyo ndo yale yale. Halafu kuna uchafu wa baada ya kuvua: sakafu ya mtumbwi, barafu ya maji machafu, mikono, dagaa wanaanikwa mchangani mbwa anapita juu (mwenye chanja namsifu).

Kwa hiyo tuache sato?
Jamani! Mdudu ni sugu kwa dawa, kwa moto hana ujanja. Ndani ya samaki pakifika nyuzi joto 70 wanakufa kama wengine. Shida ni sato mnene aliyekaangwa fasta, nje kakauka, ndani karibu na mfupa nyama bado inang'aa, huyo mrudishe kwenye mafuta.

Friza inaua?
Haiui, inawalaza tu.

Hatari iko wapi basi?
Kwenye kisu. Umepaa magamba, umetoa utumbo, umepangusa ubao na kitambaa kilekile halafu unakatia nyanya na kitunguu cha kachumbari, samaki anaenda kuiva ila kachumbari haipikwi, ndo mnakuja kusema sato alikuwa mbovu. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni kwanza, au anza na kachumbari.

Nikiharisha ninunue rangi mbili (zile kapsuli za antibayotiki)?
Usinunue kwanza. Kuharisha kwingi kunataka maji ya ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), mtoto aongezewe zinki. Ukiona damu, homa kali, au mtu macho yameingia ndani na hakojoi, kimbieni kituo cha afya hapohapo, duka la dawa achaneni nalo.